Umebadilisha linki ya nyuma na pikipiki bado inasumbua: dalili, chanzo na dawa yake

Linki ni vyuma vya wenzo vinavyounganisha shokapu ya nyuma na swingamu, yaani mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Linki mpya inapofungwa kwenye pikipiki ya motokrosi, mambo matatu hubadilika kwa mpigo mmoja: kimo cha nyuma, jinsi springi inavyozidi kukaza kadiri gurudumu linavyopanda, na nafasi inayobaki kati ya tairi na madigadi. Malalamiko mengi ya wiki ya kwanza yanatokana na moja kati ya hayo kutopimwa. Mengine hayana uhusiano wowote na linki mpya: beringi za zamani zilikuwa zimeshakufa, zikahamishwa pamoja na ugonjwa wake kwenye chuma kipya kinachong'aa.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Roka ni kipande cha pembetatu chenye matundu matatu ya beringi. Tundu moja hushika swingamu, jingine hushika mguu wa shokapu, la tatu hushika fimbo. Fimbo ya linki, iwe moja au jozi, huunganisha roka na fremu. Ndivyo ilivyo kwenye Honda CRF na Yamaha YZ. Kwingine mpangilio hutofautiana kidogo lakini kazi ni ileile. KTM EXC zenye mfumo wa PDS hazina linki kabisa, shokapu imefungwa moja kwa moja kwenye swingamu, kwa hiyo mengi ya hapa hayazihusu.

Maboresho nayo ni ya aina mbili. Kuna kubadilisha fimbo peke yake, kwa kawaida kuweka ndefu kuliko ya kiwandani kwa milimita 1 au 2. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani fimbo ndefu hushusha nyuma, na kwa sababu ya wenzo, milimita moja kwenye fimbo huonekana kama milimita kadhaa kwenye ekseli. Halafu kuna kubadilisha roka nzima, yenye matundu yaliyopangwa kwa umbali tofauti. Fimbo huhamisha mahali pa kuanzia kwenye mkondo uleule wa ugumu; roka huubadilisha mkondo wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kufungua chochote

Inua pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma lining'inie bila kugusa chini. Weka alama ya kalamu kwenye madigadi, wima juu ya ekseli. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama hiyo. Hicho ni kipimo A. Kisha mwendeshaji avae kila kitu, buti na kofia ngumu, asimame kwenye vikanyagio huku mtu akishika usukani. Pima tena, hicho ni B. Mwisho pikipiki isimame yenyewe bila mtu, hicho ni C. Sagi ni kiasi ambacho nyuma inazama kwa uzito. A kutoa B ni sagi ya mwendeshaji. A kutoa C ni sagi ya pikipiki tupu.

Kwa pikipiki kubwa ya motokrosi yenye safari ya gurudumu (umbali linaopanda kutoka chini hadi juu) ya milimita 300 hivi, sagi ya mwendeshaji huwa kati ya 100 na 105, na ya pikipiki tupu kati ya 30 na 40. Mfano: A ni 600, B ni 497, C ni 565. Sagi ni 103 na 35. Hiyo iko sawa.

Sasa tega sikio hapa, maana hili ndilo linalowakwamisha hata mafundi wazoefu. Ukifunga fimbo ndefu, A yenyewe hupungua. Tuseme imekuwa 592. Ukirekebisha springi mpaka sagi irudi 103, B sasa ni 489. Namba ya sagi ni ileile, lakini mwendeshaji amekaa milimita 8 chini kuliko jana. Sagi 103 ya linki mpya haiko mahali pamoja na sagi 103 ya linki ya zamani. Kwa hiyo andika A, B na C zote tatu, kabla na baada, na ukilinganisha tabia ya pikipiki linganisha B. Asiyeandika A ya zamani hawezi tena kujua kama anahangaika na kimo au na ugumu.

Sagi haitulii, kila ukipima unapata namba nyingine

Kabla ya kulaumu linki, pima msuguano. Kandamiza siti kwa nguvu, achia taratibu, pima. Kisha inua nyuma kwa mkono, shusha taratibu, pima. Tofauti ya milimita 3 hadi 5 ni ya kawaida. Ikifika 10, kuna kitu kinakwama, na hakuna marekebisho ya shokapu yatakayokuwa na maana mpaka kikwamo kiondolewe.

Ili kujua kinakwama wapi, toa mzigo kwenye linki. Gurudumu likiwa juu, weka kipande cha ubao chini ya tairi, kisha toa bolti ya chini ya shokapu. Bolti ikitoka kwa vidole, ujue ubao umekaa kimo sahihi. Ikihitaji nyundo, inua au shusha gurudumu kidogo badala ya kuitwanga. Sasa inua na kushusha swingamu kwa mkono mmoja. Inatakiwa ishuke yenyewe kwa uzito wake, laini, bila kigugumizi. Ikisita, toa bolti ya fimbo, ujaribu tena swingamu peke yake, halafu roka peke yake. Kwa dakika 10 utajua kama tatizo liko kwenye ekseli ya swingamu, kwenye roka, au kwenye fimbo.

Mara nyingi ni beringi. Linki iko chini kabisa ya pikipiki, inapokea kila kinachorushwa na tairi, halafu baada ya mbio inapelekwa kuoshwa kwa mashine ya presha ambayo husukuma maji kupita sili moja kwa moja. Ukifungua utaona grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Vuta bushi (bomba la chuma linalopita katikati ya beringi), ifute kwa kitambaa, iangalie kwenye mwanga: sindano za beringi (vyuma vyembamba vinavyozunguka ndani yake) zikianza kutu hujichora juu ya bushi, mistari myembamba sambamba, upande unaobeba mzigo. Pitisha ukucha. Ukucha ukigota kwenye mistari, bushi na beringi zote mbili zimekwisha, hata kama bado zinazunguka. Usiweke bushi mpya kwenye beringi ya zamani wala beringi mpya kwenye bushi iliyochorwa. Zitaharibiana ndani ya siku chache.

Kubadilisha beringi bila kuziua

Sehemu hii inastahili muda, maana beringi nyingi za linki hufa mikononi mwa fundi kabla hazijafika uwanjani.

Kwanza, kwenye baadhi ya pikipiki, Honda zikiwemo, sindano hazishikwi na kizimba. Zinasimama kwa grisi na kwa bushi tu. Ukivuta bushi bila kujiandaa zinamwagika kama punje za mchele. Fanya kazi hiyo juu ya sinia au kitambaa cheupe, na uzihesabu kila upande. Ikipungua hata moja, zilizobaki zitapata nafasi ya kupinda na kujikunja.

Pili, kabla ya kutoa beringi, pima kwa kalipa imezama kiasi gani kutoka uso wa roka. Iandike. Kina hicho ndicho nafasi ya sili. Beringi mpya ikizama pungufu, sili haitakaa. Ikizama zaidi, bushi itabeba mzigo upande mmoja.

Tatu, usitumie nyundo. Ganda la beringi ya sindano ni jembamba. Ukiligonga hupasuka au huwa na umbo la yai. Pasha roka joto hadi kama nyuzi 100, oveni ya kawaida inatosha, na beringi ilale kwenye friza usiku mzima. Tumia presi, au jiliwa yenye soketi mbili: ndogo inayolingana na ganda upande wa kusukuma, kubwa ya kupokea upande wa pili. Upande wa beringi wenye maandishi ndio unaosukumwa, na ndio unaobaki nje. Ukisukuma upande wa pili, ukingo laini utajikunja ndani na kubana sindano.

Nne, grisi. Chagua isiyosombwa na maji, na kama kitabu cha pikipiki yako kinataka yenye molibdeni, fuata hivyo. Jaza nafasi kati ya sindano kwa kidole mpaka ianze kutokeza, paka mdomo wa sili, paka bushi. Grisi inayotokeza nje ukisukuma bushi ndani ni ngao dhidi ya maji. Futa ya juu tu. Linki mpya kutoka dukani huja na grisi kidogo sana ya kuzuia kutu wakati wa kusafirishwa. Ifungue uijaze kabla hujaifunga, hata kama karatasi yake inasema iko tayari.

Kwa anayekimbia kwenye tope, iwe uwanja wa Jamhuri jijini Nairobi wakati wa mvua au wa Garuga kule Uganda, fungua linki na upake grisi kila baada ya saa 10 hivi za injini. Pakavu, saa 20 hadi 25. Anayependa kuosha kwa presha aelekeze maji pembeni, asipige sili uso kwa uso.

Linki ilizunguka vizuri mkononi, ikakazwa ikawa ngumu

Hapa tatizo karibu kila mara ni urefu wa bushi. Bolti inapokazwa, inatakiwa ibane bushi, na roka izunguke juu ya bushi hiyo kwa uhuru. Bushi lazima iwe ndefu kidogo kuliko upana wa roka pamoja na sili zake. Ikiwa fupi, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, bolti hubana sili na ubavu wa roka. Pima bushi kwa kalipa, pima roka, linganisha.

Sababu nyingine: washa ya pembeni imesahauliwa au imewekwa upande usio wake, roka imefungwa mbele nyuma (nyingi zina mshale au alama ya kuonyesha mbele, itafute kabla), sili mbili zimesukumwa pamoja mahali pa moja.

Kwa fimbo za jozi kuna jaribio rahisi linalofichua kazi mbovu ya kiwanda. Lalisha fimbo mbili moja juu ya nyingine, pitisha bolti zote mbili kwenye matundu. Zinatakiwa zipite kwa vidole. Zikigoma, umbali kati ya matundu haulingani, na ukizifunga hivyo hivyo utakuwa unapinda roka kila gurudumu linapopanda. Rudisha dukani. Usikubali kuambiwa zitajizoesha zenyewe.

Nyuma inarusha kwenye matuta ya breki

Matuta ya breki ni yale yanayochimbika pale waendeshaji wanapofunga breki kabla ya kona. Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa sababu kuna marusho ya aina mbili yenye dawa zinazopingana.

Ikiwa nyuma inaruka kuanzia tuta la kwanza, juu na haraka, kama mpira, basi ribaundi (kizuizi cha kasi ya shokapu kurudi baada ya kubanwa) iko wazi mno, au nyuma iko juu mno, au springi imekazwa kupita kiasi. Angalia sagi. Ikiwa ni 90, usiguse ribaundi kwanza. Legeza kola ya springi, yaani nati kubwa inayoibana. Kwenye shokapu nyingi uzi wa kola una hatua ya milimita 1.5, na kwa uwiano wa wenzo (mwendo wa gurudumu ukigawanywa kwa mwendo wa shokapu) wa karibu 3, mzunguko mmoja wa kola hubadilisha sagi kwa milimita 4 hivi. Kutoka 90 hadi 103 ni kama mizunguko mitatu. Sagi ikiwa sawa, funga ribaundi kliki 2 (hatua za skrubu yake), endesha, sikiliza mwili wa pikipiki, kisha 2 nyingine.

Ikiwa tuta la kwanza na la pili linapita vizuri lakini la tano linapiga kama nondo, ribaundi imefungwa mno. Shokapu haipati muda wa kurudi kabla ya tuta linalofuata, inazama hatua kwa hatua mpaka inafika sehemu ngumu ya linki. Ukimfungia mwendeshaji huyu ribaundi zaidi, unamwangusha. Fungua kliki 2.

Na ikiwa inarusha kwa upande, mara kushoto mara kulia, shika tairi uitikise kwanza. Pleyi (ulegevu) kwenye ekseli ya swingamu, au cheni iliyokazwa mno, hufanya hivyo hivyo.

Baada ya kufunga linki ndefu, mara nyingi mwanzo wa safari huwa mgumu kidogo kuliko zamani. Ribaundi na komprisheni (kizuizi cha kasi ya shokapu kubanwa) zilizokuwa sahihi jana zilipangwa kwa wenzo mwingine. Zirudishe kwenye hesabu ya kliki ya kiwandani uanze upya. Kuendelea na mpangilio wa zamani ni kupoteza siku nzima ya mazoezi.

Nyuma inakaa, mbele inapanuka kwenye kona

Pikipiki inatoka kwenye kona ikiwa imechuchumaa, usukani mwepesi, gurudumu la mbele linateleza nje ya mstari. Pima. Sagi ikizidi 110, kaza kola mpaka ifike 105, kisha pima sagi ya pikipiki tupu. Hiyo ndiyo itakayokuambia kama springi inamfaa mwendeshaji. Sagi ya mwendeshaji ikiwa 105 na ya pikipiki tupu ikawa chini ya 25, springi ni laini mno: umelazimika kuikaza sana ndipo ibebe mtu. Ikiwa ya pikipiki tupu inazidi 45, springi ni ngumu mno. Wengi hudhani ni kinyume chake, kwa hiyo soma sentensi hizo mbili tena kabla ya kuagiza springi.

Ikiwa sagi zote ni sahihi na bado mbele inapanuka, tatizo ni kimo. Kumbuka hesabu ya A na B. Nyuma imeshuka milimita 8, pembe ya foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) imelala. Legeza foku kwenye vishikio vyake, zipandishe milimita 3 hadi 5 ili mbele nayo ishuke, kisha kandamiza mbele mpaka mwisho kuhakikisha tairi la mbele haligusi madigadi. Kama foku zimeshafika mwisho wa nafasi yake, linki hiyo ni ndefu kuliko inavyohitajika kwa mwendeshaji huyo. Itoe.

Kwenye mchanga mzito hali ni tofauti. Huko nyuma iliyokaa chini kidogo humsaidia mwendeshaji, mbele isichimbe na usukani usitapetape, na wengi huendesha kwa sagi kubwa zaidi kwa makusudi. Anayefanya mazoezi kwenye matuta ya mchanga ya Oman na anayekimbia kwenye udongo mgumu hawawezi kupewa namba moja.

Inagonga mwisho ikitua

Paka grisi nyembamba kwenye ufito wa shokapu, ruka mara kadhaa, kisha angalia imesukumwa hadi wapi na mpira wa mwisho, ule unaozuia shokapu kugonga chuma kwa chuma. Ikigonga mwisho mara moja kwa mzunguko, kwenye mruko mkubwa kuliko yote, huo ni mpangilio mzuri. Safari yote inatumika. Ikigonga kila mruko, fuata mpangilio huu.

Anza na mpira wenyewe. Mpira ulioliwa au uliopasuka hufanya kila shokapu ionekane laini. Kisha gesi: shokapu nyingi za motokrosi hujazwa naitrojeni kwa karibu bar 10, na ikishuka, mafuta hutoa povu na uwezo wa shokapu kupunguza mwendo hupotea jinsi inavyopata joto. Ikiwa inagonga tu baada ya dakika 15 za kuendesha, usitafute kosa kwenye linki; shokapu inahitaji mafuta mapya na gesi. Kisha sagi na springi, kama ilivyoelezwa juu.

Yote yakiwa sawa, pima mkondo wa linki. Kazi hii haihitaji mashine. Toa springi kwenye shokapu, rudisha shokapu bila springi. Gesi ya ndani bado itasukuma ufito kwa nguvu ya kilo 20 hivi, lakini kwa sababu ya wenzo unaweza kuinua gurudumu kwa mkono; mwishoni kabisa, kwenye mpira, tumia mkanda wa kukazia mizigo. Pandisha gurudumu kwa hatua za milimita 50, na kila hatua upime umbali kati ya bolti ya juu na ya chini ya shokapu. Gawanya mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa shokapu.

Tuseme milimita 50 za kwanza zilikandamiza shokapu milimita 16: uwiano ni 3.1. Milimita 50 za mwisho zilikandamiza milimita 20: uwiano ni 2.5. Ugumu unaousikia gurudumu ni ugumu wa springi ukigawanywa kwa uwiano uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Springi ya N/mm 54 hapo mwanzo inatoa N/mm 5.5 kwenye gurudumu, na mwishoni N/mm 8.6. Fanya hivyo na linki ya zamani, fanya na mpya, weka safu mbili kwenye karatasi. Kama linki mpya inaishia 2.7 mahali ambapo ya zamani iliishia 2.5, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ugumu wa mwisho, na hakuna kliki ya komprisheni itakayoirudisha yote. Utahitaji springi ngumu zaidi, au roka nyingine. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo yote yaliyoandikwa kwenye boksi la linki.

Tairi linagusa madigadi au boksi la filta

Fimbo ndefu haishushi tu mahali pa kuanzia. Inapandisha pia mahali pa kuishia. Shokapu ikifika mwisho, gurudumu linakuwa juu zaidi kuliko kiwanda kilivyokusudia. Ukiwa umetoa springi kwa ajili ya kipimo cha juu, malizia kazi: pandisha gurudumu mpaka mpira wa mwisho ubanwe kabisa, kisha zungusha tairi kwa mkono. Acha angalau milimita 10 kati ya meno ya tairi na kila kitu kilicho juu yake, yaani madigadi, boksi la filta, waya, na bomba la ekzosi pale linapopita. Tope hujaza nafasi hiyo, na tairi hutanuka kwa kasi. Tairi jipya lina meno marefu kuliko lililolika, kwa hiyo pima kwa tairi jipya. Fuatilia pia bomba la breki ya nyuma kutoka chini hadi juu ya safari. Lisivutike wala lisinase kati ya swingamu na fremu.

Alama ya kusuguliwa chini ya madigadi baada ya siku ya kwanza, hata ndogo, maana yake tairi linafanya kazi ya mpira wa mwisho. Ni hatari, maana gurudumu hufunga breki lenyewe mwendeshaji anapotua. Usiendeshe tena mpaka uongeze mpira, au urudishe fimbo fupi.

Cheni

Kimo kikibadilika, cheni inayoonekana imelegea sawasawa kwenye stendi inaweza kuwa imekaza barabara mahali pengine pa safari. Mahali pa kukaza zaidi ni pale spoketi ya mbele, ekseli ya swingamu na ekseli ya gurudumu zinapokuwa mstari mmoja. Toa bolti ya chini ya shokapu, pandisha gurudumu mpaka vitatu hivyo vinyooke, na hapo cheni iwe bado na ulegevu wa milimita 10 hivi, upana wa kidole chembamba. Rudisha bolti, pima ulegevu kwenye stendi, na namba hiyo ndiyo ya kutumia kuanzia leo. Cheni iliyokaza huzuia swingamu kupanda, na mwendeshaji atakuja kwako akisema linki ni ngumu.

Mlio na pleyi

Gurudumu likiwa juu, shika tairi kwa nyuma, liinue kidogo kidogo kwa vidole. Ukisikia "ko" kabla shokapu haijaanza kubanwa, kuna pleyi. Mtu mwingine aweke kidole kwenye kila kiungo kwa zamu, nusu juu ya roka na nusu juu ya fimbo. Kidole hugundua pleyi ambayo jicho haliioni. Usisahau kiungo cha juu cha shokapu, kilichofichwa chini ya siti. Hicho huliwa kimyakimya huku linki ikibadilishwa mara mbili bure.

Linki mpya ikipiga kelele siku ya kwanza, angalia kipenyo cha bolti. Bolti ya zamani iliyolika huacha nafasi ndani ya bushi mpya. Iviringishe juu ya kioo: ikiwa imepinda utaiona ikicheza. Angalia pia mahali roka inapokaribiana na ardhi. Kovu la kugonga gogo au kingo ya mruko karibu na tundu la beringi linaweza kuwa mwanzo wa ufa. Safisha kwa petroli, iache ikauke, na ufa utaonekana kama unywele mweusi unaotoa unyevu.

Kukaza

Bolti nyingi za linki hukazwa kati ya Nm 45 na 85, na kila moja ina namba yake kwenye kitabu cha pikipiki; usizikaze zote kwa namba moja. Ingiza kila bolti kutoka upande ilikotoka. Kwenye baadhi ya pikipiki, ukiigeuza, ncha yake husugua cheni au kanyagio la breki. Nati za kujifunga zenyewe ziwe mpya, maana ya zamani ikizunguka kwa vidole haifungi kitu. Ukimaliza, piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye roka. Baada ya saa moja ya kuendesha, osha, lala chini uiangalie mistari yote: ikiwa mmoja umekatika, fungua kiungo hicho, pima bushi yake, kisha ukaze upya.